CHENSO YETU ISETIWE, ISICHONGWE

Ndugu wanaushirika,

Tumesikia kwamba katika mkutano mkuu ujao litaletwa ombi la kuchukua fedha za mfuko wa ushirika ili chenso yetu Namba Moja ipelekwe kwa fundi "ikafunguliwe nguvu". Maana ya maneno hayo wote tunaijua. Tundu la silinda la kutolea moshi litachongwa kwa tupa, gasketi ya chini ya silinda itaondolewa, ekzosi itatobolewa, na mashine itarudi kijijini inalia kama pikipiki ya mashindano.

Sisi tunaoandika gazeti hili la ukutani tunapinga ombi hilo. Hatupingi kwa kuogopa maendeleo, wala kwa kuwabania ndugu zetu wapasuaji. Tunapinga kwa sababu tunakumbuka yaliyoipata Namba Mbili, na kwa sababu nguvu inayotafutwa ipo karibu zaidi, tena kwa bei nafuu zaidi.

Kwanza tujikosoe wenyewe. Mwaka jana Namba Mbili iliporudi kutoka kwa fundi, ni gazeti hilihili lililoandika kwa furaha kwamba ushirika umepata mashine mpya bila kununua mashine. Tuliandika hivyo baada ya kuitazama ikikata gogo moja tu la msindano. Hatukuuliza swali hata moja. Basi, wiki ya kwanza iliimba. Wiki ya pili ikapelekwa kwenye kazi ya mbao za mashua huko chini ziwani, upande wa Mbamba Bay, na siku ya pili ya kazi ikakamata. Ukivuta kamba, haivutiki. Ilipofunguliwa, pistoni ilikuwa imekwaruzika vibaya upande mmoja, ule unaotazama ekzosi, na ringi imeganda mahali pake.

Ikakaa wiki saba chini ya meza ya stoo ikisubiri vipuri kutoka Dar es Salaam. Mbao za ghala letu zikachelewa, mvua zikatukuta paa liko nusu, na mahindi ya watu yakalala chini ya turubai. Waliopoteza magunia kwa ukungu wanajijua, na wamo humu kijijini. Kwa hiyo tukisema jambo la chenso si la wapasuaji peke yao, mtatuelewa.

Wapo wanaosema: "Yule fundi alikuwa mbovu, tutafute mwingine." Huenda. Lakini tukiielewa mashine yenyewe tutaona kwamba kosa lilikuwa kubwa kuliko fundi mmoja, na sisi tulikuwa na fungu letu.

Injini ya chenso ni ya mipigo miwili. Haina mahali pake pa kuweka oili kama injini ya gari. Petroli na oili huingia pamoja, hupita kwanza chini, penye beringi, ndipo hupanda juu ya pistoni kuungua. Kwa hiyo petroli katika mashine hii ina kazi tatu: inaungua ili kutoa nguvu, inabeba oili, na inasaidia kupoza. Ukiipunguza petroli umepunguza yote matatu kwa mara moja. Na kumbukeni, chenso nyingi za kisasa zikiachiwa moto wote bila mzigo huzunguka zaidi ya mara 12,000 kwa dakika, yaani mara 200 kwa sekunde moja. Kwa mwendo huo, pistoni iliyokosa oili haingoji mpaka jioni.

Hatari yake ni kwamba mashine yenye kiu haisikiki kama mgonjwa. Hewa ikizidi na petroli ikipungua, injini hutoa sauti nyembamba, safi, tamu masikioni. Inapanda mbio, na mpasuaji anafurahi. Kumbe ndiyo inaungua. Namba Mbili ilipokuwa "inaimba" na sisi tukipiga makofi, ilikuwa inatuaga.

Sasa jambo la pili, ambalo wengi wetu hatukulijua. Songea yetu iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi. Imepungua kama sehemu moja kati ya kumi ukilinganisha na ya Mtwara. Hewa ikipungua na kabureta ikabaki ilivyosetiwa pwani, petroli inazidi: moshi unakuwa mwingi, plagi inakuwa nyeusi, mashine inakuwa nzito. Kwa hiyo ndugu zetu wapasuaji wanaposema chenso ilikuja mvivu kutoka dukani, hawasemi uongo. Ni kweli. Lakini dawa ya ugonjwa huo ni bisibisi, si tupa.

Halafu mtazame upande wa pili. Ziwa Nyasa liko chini kidogo ya mita 500. Mashine iliyosetiwa huku juu, ikishushwa ziwani bila kuguswa, inakutana na hewa nzito. Petroli ni ileile, hewa imeongezeka, na kiu inaanza. Namba Mbili ilikuwa tayari imetobolewa ekzosi, ikawa inapumua zaidi, na kabureta haikuongezwa petroli ili ilingane. Juu ya hayo tukaishusha ziwani. Kiu juu ya kiu. Tusimsingizie shetani wala jicho la mtu.

Hata hapahapa kijijini hewa haikai vilevile. Asubuhi ya Juni au Julai, baridi inapotushika mpaka mifupani, hewa ni nzito kuliko mchana wa Oktoba. Anayeseti mashine mchana wa joto akaiacha hivyo mpaka msimu wa baridi, asishangae.

Vijana wengine wametuambia: "Mbona huko Ulaya wanachonga injini, na zinashinda?" Ni kweli, wanachonga. Tena injini ya mipigo miwili ina historia kubwa katika ufundi huo. Mhandisi Walter Kaaden, wa kiwanda cha MZ katika mji wa Zschopau, nchi iliyokuwa Ujerumani Mashariki, aliifanya injini ndogo ya pikipiki ya sentimita za ujazo 125 itoe nguvu kama farasi 25 kufikia mwaka 1961. Hakuwa na fedha nyingi kama viwanda vikubwa. Lakini alikuwa na vipimo. Alichunguza kwa chombo jinsi mawimbi ya moshi yanavyokwenda na kurudi ndani ya ekzosi, akatengeneza ekzosi yenye umbo la kuyafuata mawimbi hayo. Funzo lake ni hili: katika injini ya mipigo miwili, ekzosi ni sehemu ya injini. Anayeitoboa ekzosi kwa msumari wa moto amegusa injini nzima, hata kama hakufungua boliti moja.

Tena ile ilikuwa injini ya mashindano. Inakimbia kwa muda mfupi, inafunguliwa, inakaguliwa, inabadilishwa vifaa. Yetu inakata kuanzia asubuhi mpaka jua linapozama, mbali na gereji, na vipuri viko Dar es Salaam.

Tueleze pia kile ambacho tupa inafanya ndani ya silinda, ili mtu asidhani tunatisha watu bure. Tundu la moshi likichongwa kwenda juu, moshi unatoka mapema zaidi. Nguvu inahamia kwenye mbio kubwa, na ile nguvu ya kuvuta taratibu inapungua. Sisi tunapasua mninga na mtondo. Tunataka mashine inayovuta ikiwa ndani ya gogo, si inayolia sana ikiwa hewani. Tundu likipanuliwa mno kwa pembeni, ringi inatokeza ndani ya tundu, inakwama na kuvunjika. Silinda nyingi za chenso zina utando mwembamba mgumu kwa ndani. Tupa ikiubandua, hakuna oili ya kuurudisha. Na gasketi ya chini ikiondolewa bila kupima, pistoni inasogea karibu na kichwa cha silinda, joto linapanda, na nafasi ikiwa ndogo mno pistoni inagonga. Fundi anayejua kazi hupima nafasi hiyo kwa waya laini wa risasi kabla ya kufunga. Tumuulize fundi wetu: waya wako uko wapi? Akiuonyesha, tutamheshimu. Lakini bado tutamwambia kazi yetu haihitaji hayo.

Kuna jambo lingine kubwa kuliko pistoni. Ndani ya ekzosi ya chenso nyingi kuna wavu mdogo wa kuzuia cheche. Wanaotafuta nguvu huanza kwa kuung'oa na kuutupa. Ndugu zetu, Septemba na Oktoba majani ya huku yanakuwaje? Cheche moja inatosha. Wenye misindano na milingoti wameitunza miaka mingi, wakitegemea isomeshe watoto wao. Moto ukitoka kwenye chenso ya ushirika ukaingia shambani kwa mjane, nani atalipa? Chenso hata ikiwa nzima kelele zake hupita desibeli 100. Ikitobolewa inazidi, mpasuaji anapoteza masikio kidogokidogo, na msaidizi wake hasikii anapoitwa ahame mti unapoanguka.

Haya, tumekataa, sasa nguvu itoke wapi? Wiki iliyopita tulikwenda kwenye uwanja wa magogo tukafanya jambo dogo. Tulichukua Namba Moja kama ilivyo, na cheni yake kama ilivyo, tukakata gogo la mlingoti huku mmoja wetu akihesabu kwa sauti. Kisha tukakaa chini, tukanoa cheni jino kwa jino, tukakata tena kwenye gogo lilelile. Hesabu haikufika hata nusu ya ile ya kwanza, kipande kikawa kimeanguka. Hatukugusa injini. Waliokuwepo waliona.

Cheni butu haikati, inasugua. Angalieni inachotoa: jino kali linatoa vipande kama maganda, jino butu linatoa unga. Mkiona unga, zimeni mashine. Anayekandamiza cheni butu kwa nguvu za mabega anaichosha injini, anauchosha mwili wake, anamaliza petroli ya ushirika, halafu anasema mashine haina nguvu.

Kunoa nako kuna elimu yake. Cheni ya 3/8 kwa kawaida hutaka tupa ya mviringo ya milimita 5.2, na ile nene ya .404 hutaka ya milimita 5.5. Meno yote yawe na urefu mmoja, la sivyo mkato unakwenda upande. Yale mabuja madogo yaliyo mbele ya kila jino nayo yapunguzwe kwa kipimo. Kwa cheni nyingi yanakuwa chini ya ncha ya jino kwa kama milimita 0.65. Yasipopunguzwa jino halifiki kwenye mti; yakipunguzwa mno chenso inarukaruka na inaweza kumrudia mtu usoni.

Na hili wengi hawalijui: cheni ya kukata gogo kwa upana hunolewa kwa pembe ya kama digrii 30, lakini ya kupasua mbao kwa urefu wa gogo hufaa zaidi ikinolewa kwa pembe ndogo, kama digrii 10. Sisi kazi yetu kubwa ni kupasua mbao, lakini cheni zetu zote zimenolewa za kukatia. Basi tumekuwa tukiilaumu injini kwa kosa la tupa.

Na kabureta? Isetiwe, tena kila panapobadilika mahali au majira. Kwanza filta ya hewa isafishwe, petroli iwe mpya, injini iwashwe mpaka ipate moto. Skrubu zirudishwe kwanza pale kitabu cha mashine kinaposema. Skrubu ya mbio ndogo irekebishwe mpaka mashine inguruma bila kuzima na kupokea moto bila kusita. Skrubu ya sailensa ipunguzwe mpaka cheni isimame kabisa mashine ikiwa haijaguswa moto. Cheni inayotembea yenyewe ni panga mkononi mwa mtoto. Kisha skrubu ya mbio kubwa: ukiachia moto wote bila mzigo, sauti iwe na mkoromo kidogo, kama ya mtu mwenye kohozi, ukiingiza kwenye gogo, mkoromo uishe, sauti inyooke. Ikiwa sauti ni nyembamba na safi hata hewani, fungua skrubu, ongeza petroli. Plagi itakushuhudia: rangi ya kahawia ni nzuri, nyeupe ni kiu, nyeusi yenye maji ni petroli nyingi.

Oili nayo isikadiriwe kwa kifuniko. Kama kitabu kinasema sehemu 1 kwa 50, petroli lita 5 zinataka mililita 100 za oili ya 2T. Kama kinasema 1 kwa 25, lita 5 zinataka mililita 200. Isiwekwe oili ya gari. Wala mtu asizidishe akidhani anaisaidia mashine. Plagi itachafuka, ekzosi itaziba kwa masizi, na ataanza tena kutafuta fundi wa kuitoboa.

Sasa tufike kwenye kiini, na hapa tunaomba kamati isitununie. Kwa nini wapasuaji wetu wanataka mbio kuliko yote? Ni kwa sababu tunawalipa kwa ubao. Ubao mmoja zaidi ni shilingi zaidi, na dakika ishirini za kunoa ni dakika ishirini bila malipo. Tena tupa wananunua kwa fedha zao wenyewe! Mashine ni ya ushirika, petroli ni ya ushirika, lakini tupa ni ya mpasuaji. Nani atanoa mara nne kwa siku kwa utaratibu huo? Hata sisi tungesema, "Fungua nguvu, tumalize." Wazee wetu waliopasua kwa msumeno wa kuvutana, mmoja juu na mmoja chini shimoni, walijua kwamba muda wa kunoa ni sehemu ya kazi. Hakuna aliyemwona mtu akinoa akamwita mvivu. Sisi tumepata mashine tukaisahau hekima hiyo.

Kwa hiyo tunapendekeza mkutano mkuu uamue hivi:

1. Silinda ya mashine ya ushirika isiguswe kwa tupa, ekzosi isitobolewe, na wavu wa cheche usitolewe.

2. Fedha zilizoombwa kwa ajili ya fundi zinunue tupa za saizi zetu, geji ya kupimia, na cheni ya pili kwa kila mashine: moja ya kukatia, moja ya kupasulia. Zote ziwe mali ya ushirika.

3. Petroli ichanganywe stoo na mtu mmoja, kwa chupa yenye alama za mililita, na jina lake liandikwe.

4. Kila chenso iwe na daftari: imesetiwa lini, wapi, na nani, plagi ilikuwa rangi gani. Mashine ikitoka huku juu kwenda ziwani au pwani, isetiwe kulekule kabla ya gogo la kwanza.

5. Malipo yabadilishwe. Mpasuaji apate ujira wa siku, ambao ndani yake muda wa kunoa umo, na juu yake nyongeza kwa mbao zilizonyooka, si kwa wingi peke yake.

Wapo watakaosema pendekezo la tano litaleta uvivu. Inawezekana akatokea mvivu mmoja. Tutamwona, kijiji si kikubwa. Lakini mashine iliyokufa tuliiona kwa wiki saba, na hakuna aliyekuwa mvivu siku ile. Wote walikuwa wanakimbia.

Ndugu yetu fundi tunamkaribisha aje mkutanoni, aje na vipimo vyake, atufundishe kuseti. Tutamlipa kwa kufundisha. Na mpasuaji asiyekubaliana nasi aandike karatasi yake ailete. Tutaibandika hapahapa, karibu na hii, kila mtu asome.

Ghala bado lina upande mmoja usioezekwa. Namba Moja ndiyo itakayopasua mbao zake kabla mvua hazijarudi. Tuseti, tunoe, tupasue.

Ni sisi wenzenu,
Waandishi wa Gazeti la Ukutani la Ushirika